Nyonga ya Mzee ni Suala la Umma

Katika wasifu wa marehemu unaosomwa kwenye mazishi yetu, hasa marehemu anapokuwa mtu wa miaka sabini au themanini, kuna maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyamalizia kabla ya msomaji: alianguka tu bafuni, akavunjika nyonga, akaugua kwa kipindi kifupi, na hatimaye Mwenyezi Mungu akampenda zaidi. Waombolezaji huitikia kwa kichwa. Hakuna anayeuliza swali, kwa sababu uzee umekwisha kutajwa kuwa jibu.

Neno linalonisumbua katika maelezo hayo ni lile dogo kuliko yote: “tu”. Linaufanya mkasa uonekane hauna chanzo wala mhusika. Nadhani ndani ya “tu” hiyo mmefichwa mlolongo mrefu wa mambo yaliyoamuliwa na binadamu: namna tunavyojenga nyumba, tunavyowatunza wazee, tunavyopanga bajeti za hospitali, na tunavyochagua nani asubiri. Makala haya yanajaribu kuufungua mlolongo huo, pingili baada ya pingili.

Tuanze na mfupa wenyewe. Tunachokiita kuvunjika nyonga, aghalabu ni kuvunjika kwa sehemu ya juu ya mfupa wa paja, karibu kabisa na pale unapoingia kwenye kikombe cha nyonga. Kijana huvunjika hapo kwa ajali ya bodaboda au kwa kudondoka kutoka juu ya mnazi. Mzee huvunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, akiwa amesimama. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya majeraha ya namna hii kwa wazee hutokana na kuanguka. Kinachofuata ndicho cha hatari. Mzee asiyeweza kukaa wala kujigeuza hupata vidonda vya malazi. Damu huganda kwenye mishipa ya miguu, mapafu hushikwa na nimonia, hamu ya chakula hupotea, akili huchanganyikiwa. Hata katika nchi tajiri, takriban mtu mmoja kati ya wanne au watano waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa wanaobaki hawarudii kutembea kama awali. Ndiyo maana madaktari wa mifupa huhimiza upasuaji wa mapema: wanataka mzee ainuke kitandani haraka iwezekanavyo, kwani kitanda chenyewe ni ugonjwa wa pili.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alivunjika nyonga akiwa na miaka 78. Maisha yake yote ya utu uzima alilima kwenye miteremko ya Usambara, akipanda na kushuka na mzigo kichwani. Alipofiwa na mume, binti yake alimleta Dar es Salaam ili amtunze, na alimtunza kwelikweli. Nyumba ilikuwa na ukuta mrefu, geti la chuma, sakafu ya vigae inayong’aa, na runinga sebuleni. Kila aliposhika ufagio aliambiwa, “Mama, pumzika, umefanya kazi ya kutosha.” Baada ya miaka minne akawa anatoka nje Jumapili peke yake, kwenda ibadani, na gari likimfuata mlangoni. Usiku mmoja umeme ulikatika. Aliamka kwenda msalani, akakanyaga pindo la khanga yake, akaanguka ubavu.

Alifikishwa hospitali ya serikali usiku uleule, akakaa siku 19 akisubiri upasuaji. Mguu wake ulivutwa kwa uzito uliofungwa kwenye kamba. Kwanza tuliambiwa mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji ni mbovu. Ilipotengenezwa, tukaambiwa chuma cha kupandikiza hakipo, ndugu wakanunue. Chuma kilipopatikana, orodha ya upasuaji ikajaa majeruhi vijana wa barabarani, naye akasogezwa mbele, kisha akasogezwa tena. Wauguzi walikuwa wema na walimhudumia kwa heshima. Walikuwa wawili kwa wodi nzima. Nilipomtembelea nikamwamkia, aliitika “Marahaba, mwanangu,” kisha akaniambia jambo ambalo nimelitafakari tangu siku hiyo: “Kule nyumbani nilikuwa nateleza kwenye matope kila masika. Naanguka, nainuka, naokota kuni zangu, naendelea. Sasa nimeanguka mara moja, nimekwisha.” Aliishi miezi kumi na minne zaidi, akitembea kwa fremu kutoka chumbani hadi sebuleni. Binti yake alifunga genge lake la mbogamboga ili amhudumie.

Kauli ya shangazi ina maswali mawili ya kisayansi ndani yake. Kwa nini mifupa ilidhoofika? Na kwa nini mwili uliozoea kuanguka na kuinuka ukasahau? Nililipeleka suala hili darasani, katika somo la sera za jamii, bila kutaja kwamba mgonjwa ni wa kwetu. Mwanafunzi mmoja alisema suluhisho ni rahisi: serikali iwagawie wazee wote vidonge vya vitamini D. Mwingine akamjibu kwamba hilo ni tatizo la Ulaya, sisi tunaishi karibu na ikweta na jua ni la bure. Nimeona hoja hizo mbili zikirudiwa pia na watu wazima wenye vyeo. Zote mbili zina ukweli nusu, na ukweli nusu ukiingia kwenye sera huweza kudhuru kuliko ujinga mtupu.

Vitamini D haikugunduliwa kwa bahati. Iligunduliwa kwa sababu watoto wa mafukara katika miji ya viwanda ya Ulaya walikuwa na matege. Waliishi katika vichochoro vilivyojaa moshi, jua lisiwafikie. Mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba watoto wenye matege hupona wakimulikwa kwa taa yenye miale ya urujuanimno. Katika miaka hiyohiyo, Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki aina ya chewa huzuia maradhi hayo. Adolf Windaus alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1928 kwa utafiti uliofungua siri ya kemia yake. Kwa hiyo tangu mwanzo elimu hii ilikuwa elimu ya makazi na umaskini. Daktari aliyetibu matege alikuwa akitibu nyumba isiyo na mwanga.

Namna inavyofanya kazi si vigumu kuieleza. Miale ya jua inapogusa ngozi, hubadili kemikali fulani iliyo jamii ya kolesteroli kuwa vitamini D. Ini huibadilisha mara ya kwanza, figo mara ya pili, ndipo inapoanza kazi yake kubwa ya kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Vitamini ikipungua, kalsiamu ya chakula hupita bila kufyonzwa, na mwili huichukua kutoka kwenye mifupa ili moyo na misuli iendelee kufanya kazi. Kwa mtoto matokeo yake ni matege. Kwa mtu mzima mifupa hulainika na kuuma, misuli ya mapaja hulegea, na kuinuka kwenye kigoda huwa kazi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye tayari mifupa yake inapungua uzito kwa sababu homoni zimepungua, hasara hiyo huongezwa juu ya hasara. Kibiongo tunachokihesabu kuwa pambo la uzee, mara nyingi ni pingili za uti wa mgongo zilizokwisha kuvunjika kimyakimya.

Sasa, je, jua letu halitoshi? Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao, na kukuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Hicho ni kiwango cha juu sana ukizingatia kwamba mabishano ya madaktari wa Ulaya na Marekani ni juu ya kama 50 inatosha. Aliyesema darasani kwamba tuna jua angeweza kuishia hapo na kushinda mjadala. Lakini nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, ambako ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi, zina jua kali kuliko letu, na upungufu wa vitamini D huko ni jambo la kawaida. Joto huwafungia watu ndani, gari hupoozwa, ofisi hupoozwa, na ngozi haikutani na jua. Kumbe latitudo peke yake haiamui. Kinachoamua ni maisha: nani anatoka nje, saa ngapi, na kwa kazi gani.

Mzee wa mjini anaishi maisha yanayofanana zaidi na ya Ghuba kuliko ya Hadzabe. Ngozi yake iliyozeeka hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana kwa jua lilelile, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Kumweka mbele ya dirisha lililofungwa hakusaidii, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika. Jua la alfajiri tunalolisifu lina miale hiyo kidogo sana. Naongeza tahadhari ambayo mtu wa nchi hii hapaswi kuisahau: kwa watu wenye ualbino jua ni hatari ya saratani, na kwao vitamini hii inapaswa kutoka kwenye chakula au dawa. Hata kwenye chakula, vyanzo vyake ni vichache, hasa samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta kalsiamu pia, na ni chakula ambacho familia nyingi zinakimudu.

Nirudi kwa aliyependekeza vidonge. Tafiti kubwa zipo, na zikisomwa pamoja zinafundisha zaidi kuliko moja moja. Mwaka 1992, huko Ufaransa, yalichapishwa matokeo ya wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika makazi ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 84. Waliopewa kalsiamu pamoja na yuniti 800 za vitamini D kila siku, na kuendelea nazo kwa miezi 18, walivunjika nyonga kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2022, Marekani ilitoa matokeo ya watu 25,871 wa umri wa miaka 50 na kuendelea, waliotumia yuniti 2,000 kwa siku au kidonge kisicho na dawa kwa takriban miaka mitano. Safari hii vidonge havikupunguza kuvunjika mifupa, iwe nyonga au mfupa mwingine. Na Australia, mwaka 2010, wanawake wazee 2,256 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa dozi moja kubwa ya yuniti 500,000 kwa mwaka walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa.

Wako wanaosoma matokeo haya na kuinua mikono: wanasayansi hawaeleweki. Mimi naona yanaeleweka. Wale bibi wa Ufaransa walikuwa wamefungiwa ndani na wamepungukiwa. Wakapewa walichokosa, wakapona sehemu ya hatari. Wale wa Marekani wengi wao walikuwa watu wenye afya na vitamini ya kutosha. Kuongeza maji kwenye mtungi uliojaa hakuongezi maji. Na wale wa Australia wanatukumbusha kwamba dawa si kheri kwa sababu tu inaitwa vitamini. Somo kwa mtunga sera ni kwamba kidonge kina thamani kinapomfikia mtu sahihi, kwa kiasi cha kawaida, pamoja na kalsiamu ya kutosha. Na mtu huyo sahihi, mzee asiyetoka chumbani, ndiye asiyefika kwenye duka la dawa wala kliniki. Soko litawauzia vitamini wenye fedha na afya. Kumfuata asiyetoka ni kazi ya umma.

Hata hivyo mfupa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kuanguka. Mtoto wa jicho humfanya mzee asione kizingiti, na upasuaji wake ni mfupi na unajulikana. Dawa za presha zisipopimwa upya humpa kizunguzungu anapoinuka usiku, na dawa za usingizi humlegeza. Vigae vinavyoteleza, busati lililokunjamana, kandambili zilizolika, choo cha nje kisicho na taa, bafu lisilo na cha kushika: kila kimoja kina bei, na karibu kila bei ni ndogo kuliko ya chuma cha nyonga. Watumishi wa umma mnaonisoma, tazameni ngazi za majengo yenu ambamo wastaafu huitwa kuhakikiwa. Mangapi yana reli ya kushika pande zote mbili?

Halafu kuna mazoezi, ambayo kwa wazee wetu jina lake halisi ni kazi. Sisemi mzee arudishwe shambani na jembe. Nasema kwamba kumheshimu mzee kwa kumkalisha ni heshima yenye gharama. Misuli isiyotumika huyeyuka, na mwenye miguu dhaifu huanguka mara nyingi zaidi. Bustani ya mchicha, mwendo wa kila siku hadi kwa jirani, kuinuka na kukaa kitini mara kumi: hayo huimarisha miguu na mizani ya mwili, na yakifanyika nje ya ukuta huleta na jua ndani yake.

Baada ya kuanguka, pingili ya mwisho ni muda. Hapa nachukua mfano wa Uingereza kwa sababu moja: mafanikio yake hayakutokana na dawa mpya. Mwaka 2007 nchi hiyo ilianzisha rejista ya taifa ya wagonjwa waliovunjika nyonga. Kila hospitali ikaanza kuandika mgonjwa alifika lini, alifanyiwa upasuaji baada ya saa ngapi, alionwa na daktari wa wazee au la, na nini kilimpata. Kuanzia 2010, hospitali za England zikalipwa zaidi zikitimiza viwango, kikiwemo cha upasuaji ndani ya saa 36. Kati ya 2007 na 2011, vifo ndani ya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Walihesabu, wakalinganisha, wakalipa kwa wakati unaookolewa.

Tutaambiwa hatuna fedha za Uingereza, na ni kweli. Tutaambiwa watoto na wajawazito kwanza, na sitabishana na hilo. Lakini hoja ya umaskini ina upofu wake: huhesabu gharama inayopita hazina na kuiacha inayopita majumbani. Genge la binamu yangu lilipofungwa, hakuna kitabu cha serikali kilichoandika hasara hiyo. Gharama ya nyonga isiyotibiwa tayari inalipwa nchini mwetu, na wanaoilipa zaidi ni mabinti na wakwe, kwa ajira wanazoziacha na usiku wanaokesha.

Hatuanzi patupu. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inayomtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee na kuahidi matibabu bila malipo kwa asiyejiweza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi mnamo Aprili 2016, na Kenya mwaka 2018 ikapanua Inua Jamii kwa kila mwenye miaka 70. Misingi ipo. Kinachopungua ni kuishusha misingi hiyo hadi kwenye wodi na chumba cha kulala. Matibabu “bila malipo” ambayo chuma chake ananunua ndugu ni ahadi iliyokatwa katikati.

Ninapendekeza mambo manne, na nawaachia wasomaji wayakosoe. Kwanza, kila hospitali ya mkoa iwe na rejista moja ya wazee waliovunjika nyonga: umri, siku ya kuanguka, siku ya kufika, siku ya upasuaji, na hali baada ya miezi mitatu. Daftari na kalamu vinatosha kuanzia. Pili, vyuma vya kupandikiza vihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu ya mzee ndani ya kitita cha bima. Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari hupita majumbani kwa ajili ya mama na mtoto, waulize pia: kuna mzee hapa? Hutoka nje? Anaona vizuri? Anatumia dawa gani? Asiyetoka ndiye apewe vitamini D na kalsiamu kwa kiasi cha kila siku, si sindano ya mara moja kwa mwaka. Nne, siku za upasuaji zipangwe ili mzee asisukumwe kila anapofika majeruhi kijana. Nafasi mbili kwa wiki zilizotengwa kwa nyonga zingebadilisha mengi.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, rejista hiyo ya kwanza inaweza kuanzishwa na mmoja wenu, kwa kibali, katika hospitali moja. Kwa wanaharakati, bajeti ya afya ya halmashauri yenu ni waraka wa umma. Iombeni, mtafute neno “wazee” ndani yake, na mtazame tarakimu iliyoandikwa kando ya neno hilo. Kwa watumishi wa umma, nauliza maswali matatu ambayo yanaweza kuingia kwenye kikao chochote cha robo mwaka. Katika hospitali iliyo chini yenu, ni wazee wangapi walilazwa kwa kuvunjika nyonga mwaka huu? Walisubiri upasuaji kwa siku ngapi? Na ni wangapi waliondoka wakitembea?